Gauni la Kicheki Nililolifumua

Mkasi mkubwa nimeuacha kwenye mtoto wa meza, upande wa kushoto. Haukatiwi karatasi, haukatiwi kucha, na asiyeuzoea asiuguse. Hilo ndilo la kwanza nililotaka kuwaambia nyinyi mliobaki dukani, kwa sababu nawajua. La pili ni refu kidogo. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, lakini mstari wa daftari bado yanauona, basi nimeona niliandike. Linahusu miaka sita niliyoshona ndani ya ukuta wa Maskati, tangu nilipofika mwaka 1964 hadi mwaka huu wa 1970 nilipovua subana kidoleni. Mnaotaka kujua nilipandishwa cheo lini, fundi hapandishwi cheo. Hupandishiwa sauti tu, khasa Idi inapokaribia.

Nilipokuja huku nilikuwa nimeshashona Unguja miaka ishirini na mitano. Tuliondoka kwa haraka, mwaka ule wa msukosuko. Melini nilibeba kichwa cha cherehani nimekizongazonga ndani ya godoro, na miguu yake nikaiacha. Mke wangu, Bi Zuwena, alibeba mfuko wa kofia za viua alizokuwa hajazimaliza, na gauni moja la kitoto, la maua ya buluu. Gauni lile lilikuwa la binti yetu, Rayya, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Rayya hatukuja naye. Bibi yake alikuwa mgonjwa wa kutoinuka kitandani, na mtoto mwenyewe akasema atabaki amwangalie mpaka apate nafuu, kisha atufuate. Bibi hakupata nafuu, na alipofariki, ruhusa za kutoka zilikuwa zimefungwa. Tukabaki na gauni.

Maskati ya wakati ule mtu haingii na kukaa bila ya kuwa na wa kumdhamini. Mdhamini wangu alikuwa Mzee Murad, Mbalushi mwenye duka la kushona karibu na mlango mkubwa wa mji, ambaye ujanani aliwahi kuishi Unguja na Kiswahili chake hakikupata kutu. Siku ya kwanza alinipa kitambaa cheupe nishone dishdasha, kanzu ya huku. Niliikata vizuri, niliiunga vizuri, na nilipomkabidhi aliiinua kwenye mwanga wa mlangoni akanionyesha alama za vidole vyangu, kumi kamili, kama za mtu aliyetia sahihi polisi.

"Mkono wako unalia, Nassor," alisema. "Kwenu kuna upepo. Hapa utashindana na joto kwanza, ndiyo ushone."

Akanipa kopo la poda. Tangu siku hiyo nashona huku nimepaka poda viganjani, na nyinyi mnaocheka kwamba nanukia kama mtoto mchanga, angalieni nguo nyeupe mnazozitoa mwezi wa sita. Mzee Murad ndiye aliyenifundisha pia kumtazama mtu akiingia mlangoni kabla hajajua kama anatazamwa. Alikuwapo kadhi mmoja, bega lake moja limeanguka, na kila dishdasha aliyoshonewa ilimburura upande mmoja. Mafundi wote walimpima amesimama wima, na yeye kwa heshima ya kupimwa hujinyoosha. Mzee Murad alinikataza kumpima. Alimkaribisha kahawa, akamwacha azungumze, na mimi nikampima kwa macho alipokuwa amejisahau. Upande mmoja niliukata mfupi kuliko mwengine kwa vidole viwili, na nguo ikasimama sawa.

Sasa nieleze desturi moja, maana bila ya hiyo hamtofahamu kosa langu. Fundi mwanamume hampimi mwanamke. Huletewa furushi, ndani yake mna kitambaa kipya na nguo ya zamani inayomkaa mwenyewe vizuri, na fundi hupima nguo. Fundi aliyenifundisha mimi Unguja alikuwa na njia yake kwa nguo zenye vipande vingi. Huifumua yote, huvilaza vipande juu ya kitambaa kipya, hukata kwa kuvifuata, kisha huiunga upya ile ya zamani kwa cherehani, imara kuliko ilivyokuja. Mwenyewe hupata mpya na ya zamani imepona, na hushukuru. Sikuwahi kusikia mwanamke wa kwetu akilalamika. Na kufumua nilikuwa na maringo nako. Nilijifunza kazi wakati wa vita, uzi haupatikani, basi tulizoea kuuchomoa uzi mzima mzima bila ya kuukata, na kuuzongea kwenye vipande vya boksi la chai, kila mshono na kipande chake. Vita viliisha, uzi ukajaa madukani, na mkono wangu haukupata khabari.

Kila Idi ya Ramadhani Bi Zuwena alikuwa akinitaka nimshonee Rayya gauni. Hatukuwa na njia ya kulipeleka. Lakini alikuwa akinitaka, na mimi nikishona, kwa kipimo cha lile la maua ya buluu, kwa sababu ndicho tulichonacho. Ilipofika mwaka 1968 magauni manne yalikuwa yamelala kwenye kasha, yamekunjwa, na karafuu ndani yake. Kukizungumziwa kasha lile mimi nilikuwa naondoka naenda kunywa maji.

Mwishoni mwa joto la mwaka huo aliingia dukani mwanamke wa Kizungu, mrefu, nywele zimeanza mvi, akasema, "Hodi, fundi," kwa Kiswahili cha bara. Mzee Murad akainuka. Mwanamke alituambia anaitwa Yarmila, mumewe ni injinia Mwingereza kwenye kambi ya mafuta, na kabla ya kuja Omani walikaa Tanga miaka mitano. Yeye mwenyewe si Mwingereza. Ni Mcheki, na kwao hakufika tangu alipotoka akiwa na miaka ishirini. Mwaka ule alipewa ruhusa ya kwenda kwa mara ya kwanza, na tikiti alikuwa nayo mkononi. Kisha redio ikasema vifaru vimeingia nchini kwao, na safari ikafa.

"Basi mimi nimesema," akatuambia, "kama siwezi kwenda kijijini kwetu, kijiji kije hapa."

Kijiji chenyewe kilikuwa ndani ya opera. Ilibidi atueleze. Opera ni mchezo wa kuigiza ambamo watu hawasemi, wanaimba, hata wakiulizana wakati. Hii ilikuwa ya kuchekesha, ya karne iliyopita, na kila mtu kwao anaijua. Binti wa mwenye kinu anaposwa na mfanyabiashara wa farasi, tajiri na mzee. Yeye anampenda askari aliyeko mbali. Baba ameshakubali, na harusi itakuwa siku gauni litakapokuwa tayari. Binti anakwenda kwa fundi wa kijiji kwa siri, anamwomba asilimalize. Basi fundi anashona na kufumua, anashona na kufumua, na kila shangazi la bwana harusi likija kuuliza, linapewa udhuru mpya. Watu wa kambini wataiimba kwenye klabu yao, kwa Kiingereza, na piano moja badala ya bendi.

"Nani anayechekwa humo?" niliuliza.

"Fundi."

"Kwa nini fundi?"

"Kwa sababu anasema uongo."

"Mafundi hawasemi uongo, bibi. Wanaahirisha."

Alicheka mpaka akashika meza. Nilimpenda kwa hilo, na pia nilikuwa nimechukia kidogo. Aliacha furushi la vitambaa, vyeusi na vyekundu, kwa nguo sita za waimbaji. Juu yake akaweka gauni lililokunjwa kwenye karatasi nyembamba: kiwiliwili cheusi cha sufu kilichotariziwa majani mekundu, na sketi nyekundu ya marinda, vyote vimeungwa pamoja. Akasema anataka moja kama lile, kwa ajili ya nesi kijana atakayeimba biharusi. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Kwangu mimi maneno yalikuwa yamekamilika. Furushi, kitambaa kipya, nguo ya zamani.

Nililifumua asubuhi moja, mlangoni, kwenye mwanga. Lilikuwa limeshonwa lote kwa mkono, kwa uzi wa kitani, mshono mdogo mdogo usiotofautiana popote. Nakumbuka niliwaza kwamba aliyelishona alikuwa na subira na mgongo mzuri. Kisha nikauchomoa uzi wake wote, mmoja mmoja, mzima, nikauzongea kwenye vipande vya boksi la chai, na nikamwita Mzee Murad aje aone nilivyofanya bila ya kukata hata mmoja. Nilikuwa nimefurahi na nafsi yangu.

Bi Yarmila alikuja baada ya siku tatu kuleta vifungo. Vipande vya gauni vilikuwa vimelazwa mezani, nimevibana kwa pini juu ya kitambaa kipya. Alisimama akavitazama, kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja bila ya kukaribishwa.

"Mama yangu alishona hii," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa biharusi katika opera hii hii, kijijini kwetu. Siku ya kuondoka alitia gauni kwenye sanduku. Amekufa, mimi sikuwepo."

Nikamwambia nitaliunga, litakuwa imara kuliko mwanzo. Ndilo neno nililozoea kuwaambia wateja, na sijapata kusema neno baya kuliko hilo.

"Imara ninaweza kununua," akasema. Akainuka, akaviacha vifungo mezani, akatoka.

Mzee Murad alikuwa amesikia yote. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa dishdasha, muda mrefu.

"Akilalamika huko kambini, nitakayeulizwa ni mimi, na wewe huenda ukatolewa nchini," alisema. "Hilo tutalikabili. Lakini yule mama katoka dukani kwangu hana mama tena, Nassor. Hilo sijui tutalikabili vipi."

Nilivikusanya vipande nikaenda navyo nyumbani. Nilijuta vibaya sana. Katika kazi nimeshaunguza nguo kwa pasi, nimeshakata mkono wa kushoto mara mbili nikasahau wa kulia, lakini hayo ni makosa ya kitambaa. Bi Zuwena alinisikiliza mpaka mwisho huku akishona kofia yake, tundu kwa tundu. Kisha akaiweka.

"Nyuzi umezitupa?"

"Mie n'tupe uzi?"

"Basi lete."

Akavilaza vipande mkekani, mimi nikampa nyuzi. Alivigeuza upande wa ndani, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kiwiliwili, akarudi tena. Akaweka vidole vyake vinne pale, vikaenea.

"Hebu tazama hapa. Huyu kaacha vidole vinne kila upande, kavikunjia ndani. Na chini ya sketi pia."

Nilikuwa nimeviona. Nilidhani ni upotevu. Fundi huacha nusu kidole, akiwa karimu huacha kidole.

"Fundi gani anaacha vidole vinne?" nilisema.

"Huyu si fundi. Huyu mama. Kamshonea mwanawe wa miaka kumi na tisa, na kajua hatobaki na miaka kumi na tisa." Akatazama kasha. "Wewe magauni yote manne umemshonea Rayya wa mwaka sitini na nne. Mwanangu sasa ana miaka kumi na minane, Nassor. Hayatompita hata kichwani."

Sikwenda kunywa maji siku ile. Nililifungua kasha nikayatoa yote manne, nikapindua mishono. Nusu kidole. Nilikuwa nimekata kwa ubahili ule ule wa siku zote, na hata ningetaka kuyatanua hapakuwa na kitambaa cha kutanulia. Miaka minne nilikuwa nikishona kama kwamba mtoto amesimama mahali pamoja ananingoja. Bi Zuwena akalia, na mimi nikalia, halafu akasema tumwite yule mama.

Tulimpelekea salamu kwa dereva wa kambi, na alikuja Ramadhani ilipokuwa imeshaingia, nyumbani, si dukani. Hakuwa amelalamika kwa mtu yeyote. Bi Zuwena alimkalisha mkekani, akamwonyesha nyuzi za mama yake, mshono kwa mshono, kwenye vipande vya boksi la chai. Kisha akamwonyesha matundu ya sindano kwenye kitambaa, yote yapo mahali pake.

"Tunaweza kurudisha uzi ule ule, katika tundu lile lile," nilimwambia. "Litakuwa kama lilivyokuja. Au."

Bi Zuwena akakunjua vile vidole vinne, akamwekea Bi Yarmila kipande kifuani, juu ya nguo aliyovaa. Kilimfika ubavuni.

Bi Yarmila alikishikilia pale pale. Miaka ishirini alilichukua gauni lile, Tanga na Maskati, akijua kuwa limeshambana, halimfai tena, la kutazamwa tu. "Hakuniambia," alisema mwishowe. Akarudia mara ya pili, kwa lugha ya kwao nadhani, kwa sababu sikufahamu neno ila sauti ilikuwa ile ile. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Fundi wa opera anafumua gauni mara tatu," akasema. "Wewe umefumua mara moja tu. Wewe mvivu."

Akachagua litanuliwe. Katika opera yeye alikuwa aimbe mama wa biharusi, na alikusudia kuvaa nguo yake yoyote nyeusi. Sasa atavaa hili. Bi Zuwena akampima kwa kamba aliyoifunga mafundo, na hapo ndipo ilipoanza desturi ya dukani kwetu kwamba wanawake hupimwa na Bi Zuwena. Msiivunje.

Kazi ile tuliifanya Ramadhani nzima, na dishdasha za Idi zimepangana mpaka kwenye dari. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi hautaki taa, unataka jua, basi tulikaa mlangoni kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Fundi aliyefunga hawezi kulowesha ncha ya uzi mdomoni, na uzi wa zamani hutawanyika nyuzinyuzi ukiugusa. Mzee Murad akatuletea kipande cha nta, tukawa tunaupitisha uzi juu yake, unasimama wima na haukatiki. Bado uzi wa kwapa la kulia ulitukatikia mara mbili, ukapungua. Bi Zuwena akamalizia kwa uzi wake mweupe wa kofia. Nilitaka kuupaka rangi usionekane, na Bi Yarmila akakataa. Alisema mama yake angependa kujua nani alimsaidia. Alinikataza pia kupiga pasi ya mvuke kuyafuta matundu ya zamani. Basi ukilitazama gauni lile kwa karibu, mbavuni utaona mistari miwili, mmoja wa matundu matupu wa miaka kumi na tisa, na mmoja wa uzi, wa miaka arubaini na kitu, ambayo hakunitajia na mimi sikuuliza.

Katikati ya haraka yote ile nilimshonea Rayya gauni la tano, kwa kitambaa cha kijani. Nilikata kwa kukisia, nikaacha vidole vinne kila upande na kiganja kizima chini. Mzee Murad aliona nikikata, akadhani joto limeniingia kichwani. Nilimweleza. Akaenda akaniongezea kitambaa.

Opera iliimbwa baada ya Idi, siku ya Ijumaa, kuanzia alasiri, kwa sababu waliotoka mjini ilibidi warudi kabla ya mzinga wa kufungia milango ya mji. Tulichukuliwa kwa gari mimi na Bi Zuwena, yeye awavishe wanawake na mimi nikae nyuma ya pazia na sindano kumi zimeshatiwa uzi. Ndani ya mji wakati ule muziki ulikuwa jambo la kunong'onezwa, na hapo piano ilipopigwa nilitazama nyuma yangu mara mbili. Fundi wa kijiji aliigizwa na mtunza stoo wa kambi, bwana mmoja mnene mwenye sauti kubwa. Nilikuwa nimemwazima futi kamba yangu, na katika mazoezi nilimkuta ameivaa subana kidole gumba. Nikamrekebisha. Nikamfundisha pia namna ya kukaa na pini mdomoni bila ya kuzimeza. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya mambo ya jukwaani.

Kiingereza changu ni cha dukani, lakini nilifahamu kila kitu. Shangazi la bwana harusi likaja kuuliza gauni, fundi akaimba kwamba panya amekula mkono mmoja. Likaja tena, paka amezaa juu ya sketi. Likaja tena, uzi uko njiani, mwenye punda anaumwa. Wallahi udhuru wa paka nimeutumia mimi mwenyewe, kwa mke wa tajiri mmoja, na nilidhani nimeubuni. Nilicheka mpaka Bi Zuwena akatoa kichwa kwenye chumba cha wanawake kuniambia ninyamaze.

Mwishoni askari anarudi, mwenye farasi anaondoka na shangazi lake, na sasa gauni linatakiwa saa ile ile, nalo limelala vipande vipande. Wanawake wote wa kijiji wanakaa chini, kila mmoja anachukua mshono, wanaimba na kushona. Mshono wa mwisho ni wa mama wa biharusi, naye huimba peke yake. Wenzake wote waliimba kwa Kiingereza. Bi Yarmila hapo aliimba kwa lugha ya kwao. Piano ilipungua mpaka ikabaki noti moja moja, na yeye amesimama na sindano mkononi, ndani ya gauni la mama yake, anavuta pumzi na mshono haukatiki, hausemi neno. Mimi ndiye niliyeusikiliza mshono. Wengine walisikiliza wimbo. Bi Zuwena alikuja akasimama karibu yangu, akanishika mkono, mbele ya watu.

Mwaka uliofuata mkataba wa mumewe uliisha wakaondoka. Alikuja dukani kuaga, akamwachia Bi Zuwena sindano moja ya mama yake, nyembamba sana, ambayo mimi siruhusiwi kuigusa. Nilimuuliza kama anadhani atafika kwao. Akasema sasa ana gauni la kuingilia. Sijui kama ameshafika, lakini namtazamia.

Mwaka huu mambo yamefunguka. Milango ya mji haifungwi tena kwa mzinga, mtu anapita na redio begani, na watu wetu wa Unguja wameanza kuitwa waje. Mimi macho ndiyo yameanza kufunga. Mzee Murad aliniambia nipumzike, nikamwambia nangoja kazi moja.

Rayya alipata ruhusa ya kutoka, akafika kwa meli, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, akifuatana na shangazi yake. Ana miaka ishirini. Ni mrefu kuliko mama yake, na sauti yake sikuijua. Alinitazama pale gatini akasema, "Baba, mbona umekuwa mdogo?"

Nyumbani mama yake akalitoa gauni la kijani. Lilimbana, kama nilivyotaraji. Nikamwambia alivue anipe. Nililifumua mbavuni kwa kupapasa, sikuhitaji macho, uzi ukatoka mzima. Bi Zuwena akampima kwa kamba yake ya mafundo, akaliunga pale pale na sindano ile ya Bi Yarmila. Vilitosha vidole vitatu. Rayya akalivaa, akageuka, akageuka tena, kisha akakiona ndani ya mshono kile kilichobaki.

"Baba, hapa kimezidi kidole kimoja. Nikikate?"

"Kiache," nilimwambia. "Bado unakua."